SUV Mpya, Data Hakuna: Funzo la Ford Explorer

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tunaoandika programu tuna kauli yetu inayokwenda kinyume na hiyo: toleo la 1.0 mwachie jirani. Subiri 1.1, ikiwezekana 1.2, ndipo uiweke kwenye mashine unayoitegemea. Si kwamba walioandika 1.0 ni wavivu. Shida ni kwamba hakuna jaribio la maabara linaloweza kufanya yale ambayo watumiaji laki moja hufanya ndani ya wiki moja.

Sasa, programu ikiwa na hitilafu unaizima na kuiwasha tena. SUV uliyopakia mke, watoto wanne na mizigo ya Krismasi kwenye paa huwezi kuizima na kuiwasha tena ikiwa inakwenda kilomita 110 kwa saa. Ndiyo maana swali ambalo marafiki huniuliza mara kwa mara ni gumu kuliko wanavyodhani. Huja hivi: "Kuna SUV mpya imetoka, iko safi. Wewe mtu wa kompyuta, hebu angalia kwenye mtandao uniambie kama itadumu."

Mtandao hauna jibu. Gari likitoka mwaka huu, hakuna mtu duniani aliyelimiliki miaka mitano. Mwandishi wa gazeti aliyeliendesha siku mbili anaweza kukuambia viti vikoje, redio inaliaje na linakata kona vipi. Hawezi kukuambia litakuwaje likifika kilomita 120,000, kwa sababu hilo bado halijatokea.

Je, basi hakuna la kufanya ila kusubiri? Lipo. Lakini ili tulielewe vizuri, nataka turudi Marekani ya miaka ya 1990, kwenye hadithi ya SUV moja iliyouzwa kuliko zote na tairi lililokuwa chini yake. Hadithi hii huelezwa sana kama ya magari au ya mawakili. Mimi naisoma kama hadithi ya data: taarifa zilikuwapo, ila zilikaa kwenye meza tofauti na hakuna aliyeziunganisha.

Watu walijuaje gari zuri zamani?

Kwa muda mrefu mnunuzi alitegemea jina la kampuni, maneno ya muuzaji na ya fundi wa mtaani. Mwaka 1936 Marekani likaanzishwa shirika la Consumers Union, lenye jarida la Consumer Reports, ambalo halichukui matangazo ya biashara. Mwaka 1952 wakaanza kuwauliza wasomaji wao jambo rahisi: gari lako limeharibika nini, na mara ngapi? Majibu yalipokusanywa, ikawezekana kulinganisha modeli moja na nyingine kwa hesabu na si kwa sifa. Mwaka 1968 J.D. Power naye akafungua kampuni yake ya kuwahoji wateja, na baadaye ripoti zake zikawa zinasubiriwa na kila kiwanda.

Njia hizi ni nzuri, lakini zina mapengo mawili.

Pengo la kwanza ni muda. Ripoti maarufu ya J.D. Power kuhusu ubora wa mwanzo huwahoji wenye magari baada ya siku 90 za umiliki. Siku 90! Wahandisi wana mchoro wanaouita beseni la kuogea, kwa sababu ya umbo lake. Mwanzoni mwa maisha ya chombo hitilafu ni nyingi: hapa boliti haikukazwa, pale waya haukuunganishwa. Halafu mchoro unashuka na kutulia miaka mingi. Mwishoni unapanda tena kwa sababu ya uchakavu. Utafiti wa siku 90 unaona ukingo wa kwanza wa beseni tu. Kampuni hiyo hiyo ina utafiti mwingine unaohusu magari ya miaka mitatu, na huo una uzito zaidi, ila kwa gari lililotoka juzi hauwezi kuwapo.

Pengo la pili ni uzito wa hitilafu. Tafiti nyingi huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Kitufe cha redio kilichogoma ni tatizo moja. Tairi lililochanika kwenye barabara kuu nalo ni tatizo moja. Isitoshe, jambo linalotokea mara moja kwa magari 10,000 halitaonekana kabisa ukiwahoji watu 300. Kuna kanuni ya takwimu ambayo kila mtu anapaswa kuijua, nayo ni ya kugawanya tu: ukiwaangalia watu n na usione tatizo hata moja, bado kiwango halisi kinaweza kufikia 3 gawanya kwa n. Wenye magari 300 wakisema "langu halina shida yoyote", ulichothibitisha ni kwamba tatizo haliwezi kuzidi takriban gari 1 kati ya 100. Kwa redio, hiyo inatosha. Kwa jambo la kuua, haitoshi hata kidogo.

Explorer linazaliwa

Ford Explorer liliingia sokoni Machi 1990 kama modeli ya mwaka 1991. Lilikuja wakati mwafaka. Familia za Marekani zilikuwa zimechoka na magari marefu ya chini ya kubebea familia, zikataka kitu kirefu kwenda juu, chenye nguvu na nafasi. Explorer likawapa. Kufikia katikati ya miaka hiyo ya 1990 Ford walikuwa wakiuza zaidi ya magari 400,000 ya aina hiyo kwa mwaka, na hakuna SUV nyingine Marekani iliyolifikia.

Mnunuzi wa 1990 aliona gari jipya. Kwa macho ya mtunzi wa programu, halikuwa jipya sana. Lilijengwa kwa kutumia sehemu za pikapu ndogo ya Ford Ranger, na lilirithi nafasi ya SUV ndogo iliyoitwa Bronco II. Saspensheni ya mbele ilitoka huko huko. Ni kama programu mpya yenye sura nzuri ambayo ukiifungua ndani unakuta maktaba zilezile za zamani. Si vibaya. Sehemu zilizotumika miaka mingi huwa zimeshaondolewa hitilafu zake, na hiyo ni faida kubwa kwa mnunuzi.

Lakini Bronco II lilikuwa na sifa yake. Lilikuwa jembamba na refu kwenda juu, na kabla Explorer halijatoka tayari kulikuwa na malalamiko na kesi mahakamani kuhusu Bronco II kupinduka. Mtoto wa nyoka si lazima awe nyoka, lakini ukiletewa mtoto wake nyumbani, inakubidi uulize maswali.

Ford wenyewe waliuliza. Nyaraka za ndani zilizokuja kujulikana baadaye kupitia kesi zilionyesha kwamba wakati wa kulijaribu Explorer kabla halijazinduliwa, wahandisi waliona wasiwasi wa uthabiti kwenye kona za ghafla. Zilikuwapo njia kadhaa za kulirekebisha. Nyingine, kama kulipanua gari, zingegharimu muda na fedha nyingi. Miongoni mwa zilizochaguliwa ilikuwa ni kupunguza upepo wa tairi. Ford wakapendekeza 26 psi, wakati Firestone, waliotengeneza tairi hizo, baadaye walisema ingepaswa kuwa 30.

Hapa msomaji anayeandika programu atakuwa ameshaona hatari. Umebadilisha thamani moja kwenye faili la mipangilio ili kutuliza tatizo la sehemu A, kumbe thamani hiyo hiyo inaongeza mzigo kwa sehemu B, ambayo imetengenezwa na kampuni nyingine. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika zaidi linapozunguka. Kukunjika huleta joto. Joto hudhoofisha mshikamano kati ya mikanda miwili ya chuma iliyo ndani ya tairi. Ongeza jua la Texas, mwendo wa kasi, gari lililojaa watu na mizigo, na mwenye gari ambaye hajapima upepo kwa miezi sita kiasi kwamba 26 imeshakuwa 20. Ile ngozi ya juu yenye meno inabanduka nzima kama ganda la ndizi. Na gari refu likipoteza tairi la nyuma kwa kasi, dereva akishtuka na kukata usukani, linabingirika.

Haya hayatokei siku ya 90. Hutokea baada ya miaka kadhaa barabarani, zaidi kwenye majimbo yenye joto.

Meza nne zisizosomana

Sasa tufuatilie data ilikuwa wapi.

Meza ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ya bima. Julai 1998 mtafiti mmoja wa State Farm alikuwa ameona madai 21 ya ajali zilizoanza na tairi la Firestone la aina fulani kubanduka ngozi. Akaandika barua pepe kwa NHTSA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa magari. Ripoti yake haikuanzisha uchunguzi. Ukifikiria, unaweza kuelewa kwa nini: madai 21 kati ya mamilioni ya tairi ni kama kelele tu. Nambari ya juu ilikuwapo, lakini hakuna aliyekaa chini kutafuta nambari ya kugawanyia, wala kuuliza kwa nini zote 21 zilikuwa za kampuni moja.

Meza ya pili ilikuwa Ghuba. Magari ya Explorer yaliyouzwa Saudi Arabia na nchi jirani yalikuwa yakienda kwa kasi kwenye barabara ndefu za jangwani, katika joto linalozidi la Texas. Tairi zikaanza kubanduka. Agosti 1999 Ford wakaanza kubadilisha tairi za wateja wao wa huko. Mwaka 2000 wakafanya hivyo Malaysia, Thailand na Venezuela. Sheria ya Marekani wakati huo haikuwalazimisha kuitaarifu NHTSA kuhusu hatua walizochukua ng'ambo, na hawakuitaarifu. Kwa hiyo mwenye Explorer wa Riyadh alipata tairi mpya mwaka mzima kabla ya mwenye Explorer wa Houston.

Meza ya tatu ilikuwa ndani ya Firestone, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi kama mtu wa hifadhidata. Kampuni ilikuwa na rekodi za madai: watu waliodai fidia ya mali iliyoharibika na ya majeraha kutokana na tairi zake. Rekodi hizo zilitumika kwa mambo ya fedha na sheria. Vikao vya Bunge la Marekani vya Septemba 2000 vilionyesha kwamba hazikuwa zikitumika kupima kama tairi ni nzuri au mbaya. Waliopima ubora walikuwa na takwimu zao nyingine, ambazo zilionekana shwari. Yaani mhasibu alijua kitu ambacho mhandisi hakujua, na walifanya kazi kampuni moja.

Meza ya nne ilikuwa kwa wenye magari wenyewe. Kila mmoja alidhani ajali yake ni bahati mbaya yake. Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kikatangaza uchunguzi wake kuhusu ajali hizo, na baada ya hapo simu na malalamiko yakamiminika NHTSA. Watu waligundua kwamba hawakuwa peke yao. Mei 2000 NHTSA ikafungua uchunguzi.

Mwishoni mwa Julai 2000 Ford wakapata rekodi za madai kutoka Firestone na kuzichambua wao wenyewe. Walipozipanga kwa aina ya tairi, ukubwa, kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, mchoro ukajitokeza: tairi za ATX za ukubwa wa inchi 15, na Wilderness AT zilizotoka kiwanda cha Decatur, Illinois. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone wakatangaza kuzirudisha. Zilikuwa zimetengenezwa tairi milioni 14.4 za aina hizo, na zilizokadiriwa kuwa bado barabarani zilikuwa milioni 6.5.

Hebu rudia tarehe hizo. Tangu barua pepe ya mtu wa bima hadi tangazo: miaka miwili na zaidi. Tangu meza mbili kuunganishwa hadi tangazo: chini ya wiki mbili.

Katika hesabu ya NHTSA, vifo vilivyohusishwa na tairi hizo Marekani vilifika 271, na majeruhi zaidi ya 800.

Nani alikosea?

Ford na Firestone walikuwa marafiki wa karibu karne nzima. Mei 2001 urafiki ukavunjika hadharani. Firestone wakasema gari ndilo baya, Ford wakasema tairi ndilo baya. Ford walikuwa na ushahidi mmoja ambao mwanasayansi yeyote angeupenda: kati ya miaka ya modeli 1995 na 1997 takriban nusu milioni ya Explorer zilitoka kiwandani na tairi za Goodyear, gari lile lile, upepo ule ule wa 26, na kubanduka kwa ngozi kulikuwa nadra sana. Hilo ni jaribio linganishi ambalo lilijifanya lenyewe. Februari 2002 NHTSA ikakataa ombi la Firestone la kulichunguza Explorer, ikisema data haionyeshi kwamba gari hilo ni baya kuliko SUV nyingine za wakati wake tairi linapobanduka.

Soma sentensi hiyo tena: si baya kuliko SUV nyingine za wakati wake. SUV zote za wakati ule zilikuwa ndefu na rahisi kupinduka kuliko gari la kawaida. Tairi lenye kasoro chini ya gari la chini huleta hasira na pancha. Tairi hilo hilo chini ya SUV huleta mazishi. Kila upande ulipima sehemu yake na kuiona inavumilika. Maiti walitoka pale sehemu mbili zilipokutana.

Baada ya hapo sheria zikabadilika. Sheria iliyoitwa TREAD ilitiwa sahihi Novemba 2000. Viwanda vikatakiwa kuipa serikali taarifa za mapema kuhusu madai ya vifo, majeraha, waranti na malalamiko, pamoja na hatua zinazochukuliwa nchi za nje. Ile taa ndogo ya upepo wa tairi inayowaka kwenye dashibodi, ambayo wengi wetu huipuuza, ni mtoto wa sheria hiyo: Marekani ilifanywa lazima kwa magari mapya yote madogo kuanzia Septemba 2007. Baadaye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza na kupinduka nao ukawa lazima kuanzia modeli za 2012.

Na jina kubwa je?

Mtu atasema: hayo ni ya Ford, mimi nitanunua Toyota, nitalala usingizi. Mimi pia naiheshimu Toyota. Lakini tuangalie Mei 2022, Toyota ilipozindua SUV yake ya umeme iitwayo bZ4X. Watu wote walikuwa wakijadili betri: itadumu, haitadumu, itachaji vipi. Juni 2022, hata miezi miwili haijaisha, Toyota ikatangaza kuyarudisha takriban magari 2,700 duniani kote na kuwaambia wenyewe wasiyaendeshe. Tatizo halikuwa betri. Boliti za magurudumu zilikuwa zikilegea, na gurudumu lingeweza kuchomoka.

Kampuni iliyotengeneza mamilioni ya magari, na gurudumu linachomoka! Inawezekanaje? Kitu kimoja kinasaidia kuelewa. Kwa miaka mingi magari ya Toyota yamefungwa magurudumu kwa nati zinazokazwa kwenye vyuma vilivyosimama kwenye habu. Katika bZ4X gurudumu lilifungwa kwa boliti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, kama magari mengi ya Ulaya. Teknolojia si ngeni duniani, ila ilikuwa ngeni kwenye gari hilo la kampuni hiyo. Toyota wakajitolea hata kuyanunua tena magari hayo kutoka kwa wateja waliotaka, na Oktoba 2022 wakaanza tena kuyauza baada ya kurekebisha. Subaru Solterra, ambalo ni pacha wake, nalo lilikumbwa na hayo hayo.

Kwa hiyo jina la kampuni ni taarifa ya wastani. Linakuambia watoto wa nyumba hiyo huwa na tabia gani. Halikuambii kuhusu kilichobadilika mwaka huu.

Maswali ya kuuliza

Hadithi hizi mbili zinanipa maswali ninayoyatumia mtu akinionyesha SUV mpya, na sihitaji kusubiri miaka mitano ili kuyajibu.

La kwanza: ni nini kipya humu na ni nini kimerithiwa? Tafuta jina la injini, la giaboksi na la chesi, kisha ulize vimetumika kwenye magari gani na tangu lini. Injini iliyokaa sokoni miaka minane ina historia hata kama bodi limechorwa upya. Gari jipya halina historia, ila vipuri vyake vinayo. Kama injini, giaboksi na mifumo ya umeme vyote ni vipya kwa mpigo, hilo ni toleo la 1.0 kamili, mwachie jirani. Consumer Reports hufanya vivyo hivyo wanapokadiria uimara wa modeli mpya: huangalia rekodi ya kampuni, ya modeli iliyotangulia, na ya magari yanayotumia sehemu zile zile.

La pili: je, kilichorithiwa kimepewa kazi mpya? Injini ndogo nzuri iliyotoka kwenye gari dogo, sasa inavuta SUV ya viti saba, si injini ile ile tena. Saspensheni ya pikapu chini ya gari la familia si saspensheni ile ile. Sehemu inapohamishwa, rekodi yake haihami yote.

La tatu: mzazi wake aliugua nini? Soma malalamiko ya modeli iliyotangulia, hasa yale mazito. Hifadhidata ya NHTSA ya malalamiko na ya magari yaliyorudishwa iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bure. Kinachofaa kutafuta ni tatizo moja linalojirudia kwa watu wasiojuana. Zile 21 za State Farm zilikuwa hivyo.

La nne: anayesifia ameliendesha kwa muda gani, na wako wangapi? Kumbuka kanuni ya 3 gawanya kwa n.

La tano: limejaribiwa kwenye hali kama yangu? Explorer lilifichua kasoro yake Ghuba kabla ya kuifichua kwingi Marekani, kwa sababu ya joto na kasi. Gari lililosifiwa kwenye lami ya nchi ya baridi bado halijafanya mtihani wa Turkana, wala wa matuta na mashimo yetu.

Sisi Wakenya tuna bahati moja ambayo hatuiiti bahati. Wengi wetu hatununui gari likiwa jipya kabisa. Tunaagiza lililotumika, sana sana kutoka Japani, na sheria yetu hairuhusu lililozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba SUV inayozinduliwa leo itafika yadi za Mombasa kwa wingi miaka sita au saba ijayo, na wakati huo Wajapani watakuwa wameshatufanyia majaribio ya awali. Kwetu litaitwa jipya, lakini rekodi yake itakuwa imejaa. Kosa ni kulinunua bila kuifungua. Chukua namba ya chesi, ingia kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza, uone kama gari hilo liliwahi kuitwa kwa marekebisho na kama yalifanywa. Dakika kumi zinatosha, hata kama itabidi uombe programu ya kutafsiri ikusaidie.

Ukishamaliza, shuka chini uangalie tairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazuri kabisa na tairi likawa limezeeka ndani, kwenye mshikamano wa mikanda, mahali ambapo jicho halifiki. Halafu fungua mlango wa dereva, usome kibandiko cha upepo, na upime kabla ya safari ndefu, si pale kijana wa petroli anapokukumbusha.

Kama kuna mmoja wenu ameagiza SUV ya modeli iliyotoka miaka ya karibuni, aniambie alikuta nini alipoipekua namba ya chesi. Mkiwa wengi wa kutosha, tutaanza kuwa na nambari ya kugawanyia.